Mnakwenda Likizo, Mbwa Anabaki na Nani?

Wikiendi ya majaribio Kigamboni, wiki tatu Marangu, na swali moja la mama mkwe lililotukosesha usingizi.

Kila ikifika Desemba, nyumbani kwetu huwa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga safari ya Marangu, maana mume wangu ni Mchaga, na Mchaga, kama utani wa mjini unavyosema, mwisho wa mwaka lazima aende kwao kuhesabiwa. Ya pili ni kujibu swali ambalo wasio na mbwa hulicheka: Bosi atabaki na nani?

Bosi ni mbwa wetu. Ana miaka minne, rangi ya karanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tulimchukua akiwa na miezi miwili, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na kusema kweli ametufundisha mengi kuhusu kuishi wawili. Nani anaamka alfajiri kumfungulia? Nani anakumbuka tarehe ya chanjo? Na nani huwa wa kwanza kusema "si wewe ndiye uliyemtaka" mambo yakiharibika?

Desemba ya mwaka juzi yaliharibika. Tulifanya wanavyofanya wengi hapa mjini. Tulimwachia funguo kijana wetu wa getini, tukaweka stoo kiroba cha unga na dagaa, tukamwonyesha banda kana kwamba halijui, tukawasha gari. Wiki ya kwanza alikuwa anapokea simu. Kuanzia tarehe 24 simu ikawa haipatikani. Jirani alituambia "mbwa yupo, namsikia," nasi tukaridhika, tukaendelea na nyama choma.

Tuliporudi, bakuli la maji lilikuwa kavu na limeingia majani. Jirani huyo huyo, Mungu ambariki, alikuwa anarusha ugali juu ya ukuta kila alipokumbuka. Bosi alikuwa hai, lakini mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa getini. Masikio yalijaa kupe, na fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Daktari wa mifugo alisema damu imepungua na kwamba ni homa inayoletwa na kupe. Akawekewa dripu, akapewa dawa za wiki kadhaa. Bili yake sitaki hata kuitaja.

Kijana alirudi siku mbili baada yetu, kutoka kwao Singida, na dumu dogo la asali kama zawadi. Mume wangu alimfukuza kazi pale pale getini. Mimi nilisimama nyuma yake nimekunja mikono, na sikusema neno.

Bosi alipona ndani ya mwezi. Sisi tulinuniana zaidi ya hapo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyetakiwa kupanga mambo vizuri.

KWA NINI TUSIENDE NAYE?

Mwaka jana, ilipofika Oktoba, mwenzangu alikuja na wazo: safari hii Bosi apande gari. Ni wazo zuri ukiwa umekaa kwenye kochi. Ukilipeleka barabarani, kazi inaanza.

Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560. Hata ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, joto la Korogwe na Same utalikuta tu mchana. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hujipoza zaidi kwa kuhema ulimi nje, na gari lililosimama juani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Hapo hujasema kitu kuhusu kusimama mara kwa mara ili anywe maji na ajisaidie, huku nyuma kumejaa mizigo ya sikukuu.

Halafu kuna mbwa wa pale kwa baba mkwe, watatu, ambao hawajawahi kukubali mgeni. Na ile ndoto ya kumtembeza Bosi msituni mpaka Mandara nayo ilikufa mapema, kwa sababu geti la Marangu ni la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na hifadhini mbwa wa nyumbani haruhusiwi. Nilidhani ni ukali tu wa wahifadhi, kumbe kuna historia. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti, ukaua karibu theluthi moja yao, kama simba 1,000. Wataalamu waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mbwa wako anaweza kuonekana mzima wa afya na bado akamwachia mnyama pori balaa.

Kwa hiyo Bosi anabaki Dar. Swali likarudi pale pale: kwa nani?

NENO LA WAZARAMO

Tulitembelea sehemu tatu. Ya kwanza walitupokea vizuri ofisini, ila tulipoomba kuona mabanda tuliambiwa "huko nyuma wateja hawaingii". Tukaaga. Ya pili ilikuwa kliniki, safi kabisa, lakini mbwa wa kulala walikuwa ukuta mmoja na mbwa wagonjwa. Ya tatu tulielekezwa na mfanyakazi mwenzangu: kwa mama mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo serikalini, upande wa Kigamboni, mbele ya Mjimwema ukielekea Gezaulole.

Nilimpigia simu nikiwa na kalenda mkononi. "Shikamoo mama, ninaomba nafasi ya siku 21 kuanzia katikati ya Desemba." Akanijibu bila haraka: "Marahaba mwanangu. Simchukui mbwa wiki tatu kabla sijalala naye siku mbili. Mlete Novemba, Ijumaa mpaka Jumapili. Akila na akilala, tutaongea."

Mume wangu aliona ni mbinu ya kuongeza pesa. Mimi niliona ni wikiendi. Tukakubaliana: Bosi atalala kwa mama, sisi tutapanga chumba ufukweni jirani, tusiwe mbali kikinuka.

Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016 na lina urefu wa mita 680, ila siku ile tulichagua pantoni. Kama una mpenzi wako na huna haraka, panda pantoni. Nyuma yako unaacha soko la samaki la Feri na kelele zake, mbele yako minazi, na katikati kuna dakika chache za upepo ambazo hakuna bosi wa ofisini anayeweza kukudai.

Bosi wetu sisi alitoa kichwa dirishani. Mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, labda anawahi swala ya Ijumaa, akavuta kanzu yake na kusogea pembeni. Nilipandisha kioo haraka na kumwomba radhi, naye akatabasamu: "Si kitu binti, udhu wangu tu." Nimekulia Tanga, najua. Kwa Waislamu wengi wa mwambao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Unapofuga mbwa Pwani, kumshika vizuri mbele za watu ni sehemu ya ufugaji. Baadaye nilifurahi kukuta kwamba mabanda ya yule mama yako mwisho kabisa wa kiwanja, mbali na njia ya msikitini, na mbwa wake hawatembezwi nyakati za swala.

Kigamboni sasa ni wilaya kamili, imemegwa kutoka Temeke, na maghorofa yameanza kuchungulia. Ila ukishaipita Mjimwema bado unakutana na mikorosho, mihogo na watoto wanaopunga mikono. Na majina ya huku yana mambo yake. Kuna Mbuamaji, makazi ya kale ya Waswahili yaliyokuwepo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Wengine huandika Mbwamaji, na mume wangu alilipenda jina hilo mara moja: "Unaona? Hata mji una mbwa!" Na kuna Gezaulole, kilichokuwa kijiji cha ujamaa miaka ya 1970. Jina lake ni Kizaramo: geza ulole, yaani jaribu uone.

"Ndiyo sera yangu," alisema mama mwenyeji tulipomuuliza kuhusu zile siku mbili. "Jina la kijiji linatosha, sina haja ya kuandika kibao."

ALIVYOTUZUNGUSHA

Hakutupeleka ofisini, kwa sababu hana. Alianza na mabanda. Yako kumi, sakafu ya simenti yenye mteremko ili maji ya kuoshea yasituame, juu bati na juu ya bati makuti, ndiyo maana saa nane mchana ndani kulikuwa na ubaridi. Kila mbwa ana kitanda cha mbao kilichoinuliwa kidogo. Mageti ni mawili: ukifungua la kwanza unalifunga kabla ya kugusa la pili, ili mbwa mwenye akili za Bosi asipate mwanya.

Kwenye kila mlango kuna kadi: jina, anachokula, dawa, nani aliyemleta, simu ya daktari wake, na mstari mmoja unaosema "anaogopa nini". Tuliandika: baruti na mvua ya radi. "Mwaka mpya basi nitalala naye jirani," alisema. "Usiku huo silali ndani kwangu. Naweka kiti hapa, redio juu, mpaka fataki ziishe."

Kabla ya yote aliomba kadi ya chanjo, akaisoma tarehe kwa tarehe kama askari wa usalama barabarani. Kichaa cha mbwa, chanjo ya kwanza miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya distempa na parvo. Dawa ya minyoo na ya kupe. Hapokei mbwa jike aliye kwenye joto, na mgeni hukaa peke yake siku za mwanzo, maana kikohozi cha mbwa kikiingia banda moja huzunguka yote.

Msomaji, usione ni usumbufu. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kinaua watu 59,000 kila mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Sehemu inayopokea mbwa bila kuuliza kadi imempokea na yule atakayelala jirani na wako bila kuuliza. Na ukiumwa na mbwa popote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Tulipoondoka, Bosi alilia. Sitakuficha, na mimi machozi yalinilenga. Tulikula pweza ufukweni tukiwa kimya, kila mmoja anaichungulia simu yake. Ilikuwa saa tatu usiku mume wangu aliposema, bila mimi kumuuliza, "Mwaka juzi nilipaswa kukata safari nirudi. Simu iliposhindikana siku ya pili tu, nilipaswa kurudi." Nikamwambia na mimi nilijua, ila sikutaka kuharibu Krismasi ya kwao. Tulikuwa hatujawahi kuyasema hayo kwa sauti ya kawaida.

Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili tuliwakuta ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, mama anatembea na mbwa wawili wawili kabla jua halijawa kali. Bosi alitukimbilia, akatunusa, halafu akarudi kwenye maji kufukuza kaa. Wimbi likamfunika, nikapiga kelele. Mama alicheka. "Mbwa hafi maji akiona ufuko, mwanangu. Kula amekula, saa tano usiku akalala. Huyu atakaa."

KABLA HUJAMWACHA

Haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama zetu. Kateni ukurasa, bandikeni kwenye friji.

Muulize kuona wanapolala. Siyo picha. Nenda mchana saa za joto, bila miadi ikiwezekana. Angalia maji kwenye bakuli na unuse hewa.

Anzeni na siku mbili. Asipokula kabisa siku mbili, mna muda wa kubadili mpango. Mkigundua hilo mkiwa Moshi, mmechelewa.

Chanjo zisiwe za dakika za mwisho. Chanjo huhitaji muda kufanya kazi mwilini, kwa hiyo zimalizeni wiki kadhaa kabla ya safari. Mjue kwamba Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huendana na kampeni za chanjo.

Chakula kisibadilike ghafla. Kama amezoea ugali na dagaa, peleka hicho hicho. Waambie pia asichopewa: mifupa iliyopikwa, vitunguu, chokoleti.

Peleka nguo uliyoivaa, isiyofuliwa. Harufu yako humtuliza kuliko mdoli wa dukani.

Acha mamlaka ya matibabu kwa maandishi. Nani aamue akiugua, daktari yupi, na hela kiasi gani zitumike kabla ya kuwapigia.

Na hili ni la wawili: bajeti ya mbwa iingie kwenye bajeti ya likizo tangu mwanzo. Isiwe jambo la kuokoteza usiku wa kufunga mabegi.

SWALI LA MAMA MKWE

Kwa siku tulikubaliana shilingi 20,000. Mara 21 ni 420,000. Tuliapa kutoisema hesabu hiyo Marangu, lakini mume wangu hajui kutunza siri mbele ya mama yake.

Tulikuwa jikoni, mimi namenya ndizi, mama anachochea moto. Picha ya Bosi iliingia kwenye WhatsApp, amelala chali kivulini. Mama akaomba aione, kisha akauliza bei, na mwanawe akaropoka. Kimya kikatanda. Nikajiandaa kusikia habari za ada za wapwa na bati la shangazi, na kwa haki kabisa, maana kwenye ukoo wetu laki nne ni pesa.

Mama hakusema hayo. Alinyoosha mkono kuelekea zizini. Ng'ombe wa kule Kilimanjaro hafunguliwi kwenda malishoni, anakatiwa majani na kuletewa pale alipo, asubuhi na jioni, kuwe na msiba au harusi. "Nikienda kwa dada yangu siku tatu, ninamlipa kijana wa kukata majani. Na chai namwachia. Mnyama aliyefungwa hana miguu, miguu yake ni wewe." Akanyamaza kidogo, akapuliza moto. "Na yule kijana wenu aliyefukuzwa, mwaka ule mlimwachia shilingi ngapi?"

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu akatazama ndizi.

Hatukumwachia kitu. Mshahara wake wa mwezi, basi. Tulimwachia nyumba, mbwa na sikukuu nzima, wiki tatu, usiku na mchana, hatukumwuliza kama na yeye anakwao. Tulikuwa tunakwenda kuhesabiwa, na tulitaka yeye asihesabiwe. "Alikosea kumwacha mbwa bila kusema," mama alisema. "Lakini angewaambia anaondoka, mngemruhusu?"

Usiku ule hatukulala vizuri. Asubuhi mume wangu alipanda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali ambapo mtandao unashika, akampigia. Namba ilikuwa ile ile. Kijana alikuwa kwao Singida, analima alizeti. Sikusikia yote, ila nilisikia mume wangu akisema "nisamehe" mara mbili, na mume wangu si mwepesi wa neno hilo. Alipokata simu nikamuuliza alijibu nini.

"Kabla sijamaliza salamu aliniuliza kama Bosi alipona."

Kazi hakutaka tena. Alisema mvua ikiwa nzuri atabaki na shamba. Tulimtumia mshahara wa mwezi ambao hatukumlipa tulipomfukuza, tukaongeza wa zile wiki tatu, na alijibu kwa neno moja: nimepata. Sidhani kama hapo tumelipana. Mlinzi tuliye naye sasa, Desemba iliyopita alikwenda kwao Lushoto tarehe 20 akiwa na nauli mfukoni, na nyumba ikalindwa na mtu wa zamu tuliyemlipa kwa siku.

Januari tulirudi Dar, tukapita darajani moja kwa moja mpaka Gezaulole. Nilijiandaa kwa machozi ya furaha. Bosi alitukimbilia, akaturukia, akatuchafua, kisha akageuka kumtazama mama kama anayeomba ruhusa ya kuondoka. Alikuwa ameongezeka kilo moja. Kwenye kadi ya mlangoni, chini ya "anaogopa nini", mama alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Kaa wa pembeni mwa mwamba. Amemng'ata pua."

Kama na nyinyi mmeshaanza kuhesabu siku za likizo, msingoje Desemba. Tafuteni Ijumaa moja, pandeni pantoni, mkae siku mbili ufukweni huku mnajaribu sehemu na sehemu inamjaribu mbwa wenu. Na kabla ya kufunga geti, mwangalieni na yule mnayemwachia funguo, mumwulize kwao ni wapi.

Geza ulole.